Amri ya Maji ya Kuchemsha

Jumatatu, 9 Machi 1953

Mvua ya kwanza ya masika imeshuka leo alasiri kutoka milimani Usambara, ikapita juu ya Mazinde, ikatufikia huku shambani kabla king'ora cha korona, kiwanda cha kuchakata mkonge, hakijalia. Nimeona inafaa niweke kumbukumbu za msimu huu siku kwa siku. Mwaka jana masika yalituondolea watoto kumi na mmoja kwa kuhara, na wakubwa wa wilaya waliponitaka nieleze sababu, sikuwa na kitu mkononi ila hasira. Mwaka huu nitakuwa na maandishi.

Kwa atakayesoma baada yangu: mimi ni Yordani Mhina, mzaliwa wa Kwaluguru huko Handeni, dresa wa zahanati ya shamba hili la mkonge, mwaka wa nne sasa. Nahudumia kambi mbili. Kambi ya Juu ni ya makarani na mafundi. Kambi ya Chini ni ya wakata mkonge na familia zao, nao hunywa maji ya mfereji unaopita nyuma ya vyoo. Nimeandika barua tatu kuhusu mfereji huo. Meneja amejibu moja tu, akasema amekwenda kuyatazama maji yale kwa macho yake na ameyaona meupe.

Kwa kuwa mfereji hauhamishwi, leo nimetoa amri mbili kwa Kambi ya Chini. Ya kwanza: kuni zisiwekwe ndani ya nyumba wala moto usiwashwe ndani, maana kuni hualika panya na nge, na moshi huharibu vifua vya watoto. Nimepita nyumba kwa nyumba pamoja na Mdoe, mnyapara mkuu, tukazitoa zote nje. Ya pili: mtoto aliye chini ya miaka mitano asinywe maji yasiyochemshwa. Na ili amri hii isiishie masikioni, kila mama atakayefika mlangoni pangu ataisema kwa kinywa chake kabla ya kupewa dawa: "Mtoto wangu hatakunywa hata tone la maji yasiyochemshwa." Atakayeisema bila kosa nitaweka alama mbele ya jina lake daftarini. Atakayekosea atarudi mwisho wa mstari.

Alhamisi, 12 Machi

Mvua. Wanawake thelathini na wawili wamesema amri. Sita wamekosea.

Jumatatu, 16 Machi

Leo nimekutana na utiifu na kiburi katika mstari mmoja, kimoja nyuma ya kingine.

Grasiana, mke wa Kasmiri mkata mkonge, alisimama mbele yangu na binti yake Josefina mgongoni, akaisema amri kwa sauti iliyo wazi, neno kwa neno. Nilimsifu hadharani. Nilisema kwamba wanawake wote wa kambi wangekuwa kama yeye, zahanati hii ingefungwa kwa kukosa wagonjwa.

Aliyemfuata ni Mwaija, mke wa mzibua mifereji, mwenyeji wa huku huku Korogwe na mwanamke mwenye ulimi. Mwanawe Hiza ana miezi kumi na minne. Ameachishwa ziwa mapema kwa sababu mama ana mimba nyingine.

"Mtoto wangu hatakunywa hata tone la maji yasiyochemshwa," alisema, kisha akaongeza, "kukiwa na kuni."

"Hayo maneno ya mwisho umeyatoa wapi?"

"Nimeyatoa jikoni, dresa."

Mstari mzima ukacheka. Nilimwambia kwamba amri haina mkia, na kwamba wadudu wa tumbo hawaulizi habari za jikoni. Nikamrudisha nyuma. Alisimama karibu saa nzima kwenye manyunyu, kanga juu ya kichwa cha mtoto, na alipofika tena mbele aliisema bila mkia. Nikaweka alama.

Ijumaa, 27 Machi

Ng'ambo ya mfereji kuna kijiji cha Wazigua, na katika kijiji hicho yuko mkunga aitwaye Bibi Chausiku, ambaye huingia kambini mwetu apendavyo, kana kwamba zahanati haijajengwa. Leo nimemkuta katika nyumba ya mgonjwa wangu. Alikuwa amempakata mtoto anayehara, amempaka tope jeusi utosini, na kando yake kuna chungu.

"Habari za kazi, bibi," nilimwambia.

"Shikamoo uliiacha shule gani?"

Nilimwuliza tope lile ni la nini.

"Utosi wake umezama. Nauinua."

"Utosi hauinuliwi kwa tope."

"Na wewe unauinua kwa nini?"

"Mimi siutibu utosi. Natibu tumbo."

"Basi tibu tumbo, mwanangu. Mimi nampa uji, na wewe umenisimamia kwenye mwanga."

Nilichungulia chunguni. Ulikuwa uji wa mtama mwembamba mno, maji yenye weupe tu. Nilimwuliza kama maji ya uji ule yalikuwa yamechemshwa. Akaniuliza uji mbichi nimeuona wapi. Wanawake waliokuwa mlangoni walifunika midomo.

Nilimwaga chungu chote nje, maana mkono ule ule uliopaka tope ndio ulioshika upawa. Nikamwagiza asikanyage tena kambini. Ni jambo la kuchukiza kwamba mtu asomee miaka mitatu, afanye kazi miaka kumi na minne, kisha ashindwe mlangoni kwa mzaha wa kikongwe.

Jumapili, 5 Aprili

Pasaka. Mvua. Barabara ya Korogwe imekatika kwenye daraja la pili.

Jumanne, 14 Aprili

Siku ya tisa bila jua. Kambi ya Chini ni tope tupu. Kuni nilizoamuru zitolewe nje zimerundikwa ukutani mwa nyumba, zimevimba kwa maji, zimeota uyoga. Wanawake wanapuliza moto tangu alfajiri na kupata machozi tu. Nimewaambia wajifunze kufunika kuni zao kwa majani ya migomba. Mmoja amenijibu kwamba migomba haikui katikati ya mkonge. Kuna watu ambao kila ushauri kwao ni nafasi ya kubishana.

Kuni zetu sisi wa Kambi ya Juu huletwa na gari la shamba kutoka ghala la mitambo, kila wiki, kavu. Wiki hii gari limekwama. Jioni mke wangu Hilaria aliweka birika mezani akasema, "Kunywa taratibu, baba. Maji yako ya leo nimeyachemsha kwa kile kiti kilichovunjika mguu."

"Umefanya vema."

"Kambi ya Chini wana viti vingapi?"

Nilimweleza kwamba nidhamu ya afya haiwezi kupimwa kwa viti. Alikwenda kulala. Naandika maneno yake hapa kwa sababu nimeazimia kuandika yote. Sioni uhusiano wake na kazi.

Jumanne, 21 Aprili

Hiza wa Mwaija amefariki leo kabla ya adhuhuri, mikononi mwangu.

Mama yake alimleta saa mbili asubuhi. Macho yamezama, midomo imekauka hadi kupasuka, ngozi ya tumbo ukiifinya inabaki imesimama kama kitambaa. Na utosini, tope jeusi. Nilipoliona tope lile sikujizuia.

"Nani amempaka?"

"Bibi Chausiku. Nilimpeleka jana, ng'ambo."

"Na uji wake alimpa?"

"Alitaka kumpa. Nilikataa. Wewe uliumwaga."

"Umempa maji yasiyochemshwa?"

"Sikumpa."

"Usinidanganye, Mwaija."

"Wallahi sikumpa, dresa. Sikumpa kabisa."

Nilimwingizia maji ya chumvi chini ya ngozi ya mapaja, chupa ya mwisho niliyokuwa nayo. Mwili haukuyapokea. Wakati wote huo mama alisimama pembeni ya kitanda na mikono juu ya tumbo lake, wala hakulia mpaka nilipomfunika mtoto shuka.

Anayekula kiapo huku mtoto amekauka mbele yake, sijui nimwiteje. Mtoto haharishi hivi bila maji machafu. Katika daftari la vifo, kwenye safu ya sababu, nimeandika: "Uzembe wa mama na dawa za kienyeji." Nimeandika kwa wino mweusi na mkono wangu ulikuwa imara.

Alhamisi, 30 Aprili

Meneja alijibu moja tu ya barua zangu tatu za mfereji, lakini barua yangu juu ya Bibi Chausiku ameijibu siku ile ile. Mdoe ameweka mlinzi kwenye kivuko cha mfereji. Bibi akionekana atarudishwa. Jambo lisiloligharimu shamba chochote hutendeka haraka.

Wanawake wamekuwa wakimya mstarini. Wanasema amri, wanapokea dawa, wanaondoka. Hakuna mzaha. Ningepaswa kufurahi.

Jumatano, 6 Mei

Wagonjwa wa kuhara tisa. Alama zote zimo daftarini. Sielewi.

Jumatatu, 18 Mei

Naandika kwa urefu, maana nataka kila neno lililosemwa leo libaki kama lilivyosemwa.

Saa tatu asubuhi Kasmiri alikuja mbio, matope hadi magotini, panga la mkonge bado kiunoni. "Dresa, Josefina haamki." Nilichukua mkoba nikamfuata.

Nyumba yao ni chumba kimoja cha bati, safi kuliko vyote nilivyokagua. Kuni nje, kama nilivyoagiza. Chungu cha maji kimefunikwa kwa sahani. Grasiana alikuwa ameketi kitandani na mtoto mapajani. Josefina ana miezi kumi na sita, na hajanyonya tangu mama alipopata kazi ya kuanika nyuzi. Nilimfinya ngozi, ikasimama. Nilimgusa utosi, ambao kwake haujafunga bado. Kidole kikaingia kama shimoni. Niliita jina lake. Alifungua macho, akakunja uso kama anayelia, na hakikutoka chozi hata moja.

"Anahara tangu lini?"

"Tangu juzi asubuhi."

"Amekunywa nini?"

"Hajanywa."

"Leo?"

"Tangu juzi jioni, dresa. Juzi asubuhi nilipata moto wa kuchemsha kikombe kimoja. Kikaisha. Baada ya hapo kuni zikakataa. Nimepuliza jana kutwa." Kisha akaniinulia uso, na sitausahau uso huo, kwa maana ulikuwa wa mwanafunzi anayengoja kusifiwa. "Lakini sikumpa hata tone lisilochemshwa. Alilia maji, sikumpa. Nimeishika amri."

Nilisimama. Kasmiri aliniita mara mbili. Nilimsikia Mwaija akisema katika chumba kile ambacho hakuwamo: sikumpa kabisa. Alikuwa ameniambia kweli. Aliniapia kwa Mungu kwamba amefanya kile nilichomwamuru, nami nikamwita mwongo.

Chini ya ukingo wa bati kulikuwa na pipa la maji ya mvua. Nilichota kwa kikombe cha bati nikarudi kitandani. Grasiana akaweka kiganja juu ya kikombe.

"Hayajachemshwa, dresa."

"Nipishe."

"Hayajachemshwa. Nilisema mbele yako, mbele ya watu. Uliniwekea alama."

"Mama Josefina, mtoto huyu atakufa kwa kiu kabla hajafa kwa wadudu. Amri ni yangu. Naivunja mimi."

"Ivunje kwa mkono wako basi. Wangu hauwezi."

Alinipa mtoto akaugeukia ukuta. Nilimpa Josefina maji ya mvua kwa kijiko. Vijiko vitatu vilikaa, cha nne akatapika. Nilihitaji kitu cha vuguvugu, chenye chumvi, chenye kushika tumbo. Nilitazama nje: safu mbili za nyumba, nyumba arobaini, na hakuna moshi hata katika moja. Nilikuwa nimepita mahali pale kila siku kwa miezi miwili na sikuwa nimeona kwamba hakuna moshi.

"Kasmiri," nilisema, "nenda kivukoni. Mwambie mlinzi dresa amemwita Bibi Chausiku. Kisha mwambie bibi alete chungu chake, na kuni."

Bibi alikuja kwa muda mfupi kuliko nilivyostahili, mzigo wa kuni kichwani umefungwa katika ngozi ya mbuzi, chungu mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," alisema, akiutua mzigo. "Kumbe hukuipoteza, uliificha tu." Aliweka mafiga matatu katikati ya chumba. "Nawasha humu ndani. Utaniandika?"

"Washa."

Kuni zile zilishika moto kwa kiberiti kimoja. Nilimwuliza amezitoa wapi katika masika haya.

"Uchagani, juu ya meko, zinapokaushwa na moshi. Ndivyo tulivyolelewa sote, hata huko kwenu Kwaluguru. Hawa nao walikuwa nazo ndani. Kuna mtu alipita akazitoa."

Alikoroga unga wa mtama kiganja kimoja katika maji mengi, akatia chumvi, kisha akampa Grasiana upawa. "Onja wewe, mimi nimefunga. Isizidi chumvi ya machozi." Grasiana alionja, machozi yenyewe yakimtiririka, akasema imetosha. Uji ulipopoa tukaanza: kijiko, kungoja, kijiko. Akitapika tulihesabu pumzi mia tukaanza tena. Bibi alipochoka nilishika mimi; nilipochoka akashika Grasiana, na kufikia hapo mkono wake uliweza.

Bibi alichovya kidole katika kifuko chake cha tope. Nilimwambia kwa heshima kwamba tope silikubali, na hata sasa silikubali. Alisema, "Basi nitalipaka ukigeuka." Lakini lazima niandike pia hili: katika mambo yote niliyoyasoma, hakuna aliyenifundisha kuutazama utosi. Mwanamke huyu aliona Hiza anakauka siku moja kabla yangu, kwa kidole tu, na mimi niliona tope nisione kilichokuwa chini yake.

Saa kumi alasiri Josefina alilia, na shavuni likashuka chozi. Muda mchache baadaye alinikojolea suruali. Bibi Chausiku alicheka mpaka akashika mbavu. "Haya, dresa, liandike na hilo daftarini!"

Nimeliandika.

Jumanne, 19 Mei

Nimefungua daftari la vifo. Watoto saba tangu Machi. Leo nimekwenda kwa kila mama ila Mwaija, ambaye jibu lake ninalo tayari, bila amri, bila mstari, nikauliza swali moja: mtoto alikunywa nini siku mbili za mwisho? Watano kati ya saba hawakunywa chochote. Wote watano wana alama.

Hoja yenyewe ni fupi, na ufupi wake unanitia aibu. Niliwaambia wachemshe maji. Nikawatolea kuni nje zikalowe. Kisha nikakataza maji yasiyochemshwa. Kila amri peke yake ilikuwa na sababu njema. Zote pamoja zilisema jambo moja tu: mtoto asinywe. Mwanamke mmoja aliligundua hilo siku ya nane ya masika, akalisema kwa maneno matatu mbele ya watu arobaini, nami nikamrudisha nyuma ya mstari.

Nimekuwa na hasira msimu huu wote, na katika kurasa hizi naziona hasira zangu zimepangwa vizuri, kila moja na mwenyewe: mama mzembe, bibi mjinga, meneja bahili. Hakuna hasira hata moja yenye jina langu.

Hilaria alisoma juu ya bega langu. Nilimwambia, "Ungenieleza kwa uwazi siku ile ya kiti." Akasema, "Nilikueleza. Wewe ulitaka nikuandikie barua?"

Jumatano, 20 Mei

Hilo halimwoshi meneja. Nyuma ya ofisi yake, chini ya turubai mbili, kuna rundo la kuni kavu refu kuliko nyumba. Nilimtuma Mdoe aulize zitagawiwa lini. Amerudi na jibu: hazigawiwi, ni za moto mkubwa utakaowashwa kilimani tarehe mbili Juni, siku ya kutawazwa kwa Malkia, ili uonekane mpaka Mombo.

Uonekane! Nyumba arobaini hazina moshi hata wa kikombe cha maji, na shamba linaweka akiba ya moto wa kutazamwa.

Niliketi nikachukua karatasi za dawa, zile ninazoandikia kwinini na chumvi ya haluli, nikaandika arobaini, moja kwa kila nyumba, jina la mgonjwa, tarehe na sahihi: "Kuni kavu, mzigo mmoja, kila wiki, mpaka masika yaishe." Mdoe alizisoma akakuna kichwa.

"Dresa, hii dawa inamezwa au inasagwa?"

"Inachomwa."

"Kutwa mara ngapi?"

"Mara tatu. Nenda."

"Yeye ataniuliza nani kaniruhusu."

"Mwambie ni maagizo ya zahanati. Na mwambie nina barua nyingine iliyoandikwa tayari kwa mganga mkuu wa wilaya, yenye vifo saba na sababu zake, ikianza na mimi mwenyewe na kumalizia na turubai. Asipotoa kuni, barua itakwenda leo. Akitoa, barua itakwenda kesho."

Jumatatu, 25 Mei

Nusu ya rundo imetolewa. Wanawake walibeba vichwani kwa mstari mmoja, na nimefuta amri ya kwanza: kuni zikae ndani, juu, mbali na kitanda cha mtoto. Tutagombana na panya kwa njia nyingine. Mlinzi wa kivukoni ameondolewa. Barua imekwenda. Meneja naye amenipa yangu, ya onyo, kwa kutumia vibaya karatasi za dawa. Nimeihifadhi pamoja na ile aliyosema maji ni meupe.

Mlangoni pa zahanati mama hasemi tena kitu ili apewe dawa. Mimi ndiye ninayesema, na maneno yangu mapya nimeyapima na Hilaria na Bibi Chausiku mpaka wote wawili wakaacha kunicheka. Mtoto anayehara anywe. Anywe maji yaliyochemshwa kukiwa na kuni. Zisipokuwapo, anywe yaliyo safi kuliko yote yaliyopo, lakini anywe. Apewe uji mwembamba wenye chumvi isiyozidi ya machozi, kijiko kwa kijiko. Akitapika, ngoja kidogo, anza tena. Akitaka chakula, ale. Utosi ukizama au akilia bila machozi, mlete siku hiyo hiyo, umepaka tope au hukupaka.

Jumanne, 2 Juni

Moto wa kilimani umewashwa jioni. Mvua ikauzima. Josefina anatembea.

Jumamosi, 6 Juni

Masika yanakatika, leo ni manyunyu tu. Kabla ya kutoka nilifungua daftari la vifo, mstari wa tarehe 21 Aprili. Kanuni ni kwamba kilichoandikwa hakifutwi kwa kisu. Kinapigwa mstari mmoja, ili kisomeke bado. Nikapiga mstari, nikaandika juu yake: "Kunyimwa maji, kwa amri ya dresa." Nikatia sahihi.

Kisha nilikwenda kwa Mwaija. Nilikuwa nimeahirisha safari hiyo siku kumi na nane, kila siku kwa sababu iliyoonekana nzuri. Nilimkuta mlangoni akipanga kuni zake ndani. Tumbo lake sasa ni kubwa. Hakunikaribisha, wala sikutazamia.

"Nimekuja kwa habari ya Hiza."

"Sema."

"Ulifanya kama nilivyokuamuru. Kosa lilikuwa katika amri, na amri ilikuwa yangu. Nimeirekebisha sababu daftarini."

"Nilikuapia."

"Uliniapia."

"Ukaniambia nisikudanganye."

"Nilikuambia."

Aliweka gongo moja la kuni juu ya mengine. Majirani walikuwa wametoka milangoni. Kisha akaweka kiganja juu ya tumbo lake.

"Na huyu? Akihara, anywe nini?"

Nilitoa karatasi yangu mfukoni.

"Irudishe mfukoni," alisema. "Mimi sikuwa na karatasi."

Nikairudisha. Nikaanza kusema kwa kichwa, mbele yake na mbele ya majirani: mtoto anayehara anywe. Nilikwenda vizuri mpaka kwenye uji, na hapo nikasahau chumvi.

"Umekosea. Rudi nyuma."

Niligeuka nikatembea mpaka mwisho wa safu ya nyumba, katika manyunyu, na hakuna aliyecheka. Nikasimama huko kidogo, kisha nikarudi, nikasema yote tangu mwanzo, na nilipofika mahali pa kuchemsha maji nilisema kwa sauti ya kusikika nyumba zote: kukiwa na kuni.

Mwaija alinisikiliza mpaka mwisho. Akaokota gongo lililobaki, akaingia ndani. Hakuniwekea alama.